Kundi la Kimwani

Bakoba, Bukoba
10 Machi 2024

Tata mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti halikusumbui kama lilivyokusumbua wakati wa Noeli. Mimi sijambo, mafua tu ya mvua hizi. Chumba changu kinavuja pale pale uliponyooshea kidole ukasema hapa patavuja. Haya, umeshinda.

Sikupigii simu kwa sababu nakujua. Utapanda kilima cha kanisa kutafuta mtandao, nusu ya Izimbya itakuzunguka kusikiliza, nawe hutaniambia lolote la maana. Nampa Muksini wa Hiace barua hii, na jibu lako mpe yeye yeye.

Ni habari ya yale majani ya mibuni niliyochuma wiki ya Noeli, ya kwetu Izimbya na ya Kimwani kwa rafiki yako Ta Kahigi. Maabara wameshasoma vinasaba vyake, na sasa ninajenga mashamba kwenye kompyuta. Usicheke. Kuna programu ambayo unaiambia: tengeneza kundi la mibuni, idadi yake kadhaa. Hilo ni kundi la kwanza, nimelipa jina Izimbya. Kisha unaliambia kundi hilo ligawanyike, mibuni michache itoke ikaanzishe kundi la pili. Hilo ni Kimwani, maana wewe mwenyewe ulinisimulia kwamba babu yake Ta Kahigi alichukua mbegu huku kwetu zamani akahamia nazo kule. Baada ya hapo kila kundi linazaa lenyewe kwa lenyewe, kizazi hadi kizazi, mpaka leo. Mwishoni nalinganisha mibuni ya kompyuta na majani yangu ya kweli.

Kati ya makundi mawili kuna njia. Programu inaniuliza: ni miche mingapi imetoka kundi moja kwenda jingine tangu yatengane? Hapo ndipo ninapokuhitaji. Wewe unakijua kibanja cha Ta Kahigi, migomba na mibuni yake yote, kama chako. Tangu ugonjwa wa mnyauko uingie Izimbya, yupo mtu aliyepeleka mche au mbegu Kimwani?

Fikiri vizuri kabla ya kujibu. Kituo chetu cha utafiti wa kahawa kinataka kukata vikonyo kwenye mibuni ya Ta Kahigi, kukuza miche, na kuigawa vijiji vya Muleba. Mibuni ile ni ya zamani na haijaguswa na ugonjwa. Lakini lazima tujue kundi lile limekaa peke yake. Fomu ya kuthibitisha hivyo naisaini mimi.

Binti yako,
Georgina


Izimbya
17 Machi 2024

Georgina mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata, Muksini alinipa nikiwa natoka misa. Goti ni lile lile. Tumbo ndilo limejaa gesi siku hizi, nakunywa maji ya tangawizi, litapita. Mvua imenyesha vizuri, migomba inapendeza. Mibuni unaijua mwenyewe: kati ya ile mia nne imebaki kumi na mmoja, na ule wa marehemu mama yako nyuma ya jiko bado unaongoza kwa kuzaa.

Mashamba ya kompyuta nimeyaelewa. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, usinieleze kama mtoto wa darasa la pili.

Jibu lako ni hili: hakuna. Watu wa Kimwani wana kahawa yao na sisi tuna yetu. Andika sifuri.

Umesema Kahigi ni rafiki yangu. Sivyo. Rafiki unaweza kugombana naye. Kahigi ni mnywani wangu. Tulinywana mwaka wa vita, tukiwa vijana tunaobeba mizigo ya jeshi, kila mmoja akidhani kesho hafiki. Mzee mmoja alituchanja karibu na kitovu, akapasua punje ya kahawa, kila mmoja akameza nusu iliyopakwa damu ya mwenzake. Padri hakupenda, lakini padri hakuwapo kule. Tangu siku hiyo akiomba kitu changu nampa, nikiomba chake ananipa, hakuna kukataa. Na anayemtendea mwenzake ubaya, ile nusu inavimba tumboni. Ndivyo tulivyoapa.

Nakueleza haya ili ujue kwamba mambo ya kibanja chake nisingeyasema ovyo.

Vaa sweta. Na "kwa hiyo" ni maneno mawili, kwenye ile karatasi yako uliyonionyesha Noeli uliyaunganisha mara nne.

Ni mimi baba yako,
Mwl. Rwekaza


Bakoba
2 Aprili 2024

Tata mpendwa,

Shikamoo, na Pasaka njema iliyopita. Tumbo linaendeleaje? Tangawizi isiwe dawa ya kila kitu, pita zahanati wakupime.

Nimeandika sifuri kama ulivyosema. Nimeendesha programu mara mia. Makundi yanagawanyika, yanazaa, yanafika mwaka huu, na mara zote mia Kimwani ya kompyuta inakataa kufanana na Kimwani ya kweli. Kuna mibuni saba niliyoichuma majani kule chini, upande wa bonde, ambayo haitokei kabisa kwenye kompyuta. Majani yake yanasema ni watoto wa Izimbya. Si wajukuu wa zamani, Tata. Ni watoto wa juzi tu.

Basi nikajaribu kufungua njia. Nikaiambia programu: miaka minane iliyopita, kikapu kimoja cha miche, tuseme thelathini, kilitoka kundi la kwanza kwenda la pili. Picha ikakaa sawa karibu kila mara.

La kuniogopesha zaidi ni hili. Nilipotafuta mama wa ile mibuni saba, nilimpata. Ni mbuni wa Ma, ule wa nyuma ya jiko.

Mkuu wangu, Bwana Josia, ana maelezo yake. Anasema nilichanganya bahasha wiki ya Noeli, nikaweka majani ya nyumbani kwenye bahasha za Kimwani. Anasema ndivyo wanavyofanya watoto wanaochuma sampuli huku wanakula ndizi kwa baba. Nakumbuka niliandika kila bahasha kwa mkono wangu chini ya mbuni wenyewe. Lakini sasa hata mimi nimeanza kujishuku.

Nakuuliza mara ya pili, na sitakuuliza ya tatu. Hakuna aliyepeleka miche?

Binti yako,
Georgina


Bakoba
19 Mei 2024

Tata mpendwa,

Shikamoo. Wiki ya saba hii sijapata mstari wako. Muksini anasema barua alikupa mkononi, na anasema umepungua mwili. Dada Renatha, aliye nawe hapo nyumbani, naye ananiambia kwenye simu kwamba Baba ni mzima, anakula kidogo tu. Mnanificha nini?

Nimekungoja mpaka nimechoka. Bwana Josia alitaka jibu, msimu wa kukata vikonyo hausubiri. Kulikuwa na mambo mawili tu ya kusema: ama baba yangu amenidanganya, ama mimi nimechanganya bahasha. Nikasema nimechanganya bahasha. Nimeandika barua ya kukiri kosa, ile mibuni saba imetolewa kwenye hesabu, na programu sasa inakubaliana na sifuri yako. Fomu nimesaini. Wamekwenda Kimwani wiki iliyopita na visu vyao. Ta Kahigi aliwapokea vizuri, akawapa na kahawa za kutafuna.

Ofisini wananiita Bibi Bahasha. Nacheka nao. Nilichagua neno lako, na ningelichagua tena, kwa sababu hujawahi kunidanganya hata kuhusu dawa chungu.

Niandikie basi, hata kunisahihisha herufi.

Binti yako,
Georgina


Izimbya
23 Juni 2024

Georgina mwanangu,

Salaam. Barua zako zote mbili ninazo, nimeziweka ndani ya Biblia. Nimeanza kukujibu mara nyingi nikachana.

Umekubali kosa ambalo si lako. Bahasha zako zilikuwa sawa.

Nitakueleza ilivyokuwa. Mwaka 2016 Kahigi alikuja kunitembelea, tukakaa, tukanywa pombe ya lubisi. Akasema upande wake wa bondeni uko wazi, akaniomba miche thelathini ya kwetu apande. Aliomba kama mnywani anavyoomba, mkono juu ya tumbo. Siku nne kabla ya hapo nilikuwa nimeona mbuni mmoja kule mwisho wa kibanja umekauka majani upande mmoja, upande mwingine mbichi. Nilikuwa nimesikia habari za mnyauko redioni. Niliujua, ingawa nilijiambia siujui.

Ningemwambia nini? Mnywani hakataliwi. Na kumwambia kibanja changu kimeingia ugonjwa, mimi Mwalimu Rwekaza niliyekuwa nikiwafundisha wenzangu kupogolea, nilishindwa. Niliona aibu, Georgina. Nikang'oa miche iliyoota yenyewe chini ya mbuni wa mama yako, kwa sababu ulikuwa mbali kabisa na ule mgonjwa. Nikajisemea, hapa ni salama. Nikaifungia kwenye majani ya migomba yeye akaondoka nayo.

Miezi michache baadaye nikaanza kupoteza mibuni kumi kwa mwezi. Kila nilipokwenda Kimwani nilitazama kule chini kwanza kabla sijamsalimia mtu. Ilikuwa mibichi. Mwaka wa pili, wa tatu, wa tano, mibichi. Nikaanza kuamini nimesamehewa. Kwa padri sikuwahi kuungama, ningeanzia wapi, na punje ya damu au na miche?

Barua yako ya kwanza ilipokuja niliogopa kuliko nilivyoogopa vitani. Nikaandika sifuri. Ile gesi ya tumbo ilianza wiki hiyo hiyo. Sasa si gesi. Ni kitu kigumu, hapa upande wa kulia, nikilala nakisikia. Nimesoma, najua kuna magonjwa ya ini na ya bandama. Najua pia nilichomeza.

Jana mbuni wa mama yako umeanza kukauka. Upande mmoja.

Ni mimi baba yako,
Rwekaza


Bakoba
26 Juni 2024

Tata,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako nimesimama mlangoni, Muksini hajaondoka. Sijui nianze na hasira au na tumbo lako, basi naanza na tumbo. Nenda hospitali. Si zahanati, hospitali. Renatha atakusindikiza, nimeshamwambia.

Sasa hasira. Nilikuuliza mara mbili. Vikonyo vimeshakatwa, vimo kwenye vitalu, Jumatatu mgao unaanza. Wapo watu wanaochimba mashimo saa hizi kwa sababu ya sahihi yangu, na sahihi yangu ilikuwa juu ya neno lako.

Kesho naingia kwa Bwana Josia kumwambia ukweli. Lakini Ta Kahigi siwezi kumwambia mimi. Nenda ukamwambie mwenyewe. Nakupa mpaka Jumapili ya tarehe saba. Ukishindwa, nakwenda mimi, na atausikia kutoka kwa mtoto.

Binti yako,
Georgina


Kimwani, Muleba
7 Julai 2024

Georgina mwanangu,

Marahaba. Nakuandikia nikiwa kwa Kahigi. Usimlaumu Renatha, alinipeleka mpaka stendi akidhani naelekea hospitali. Safari ilinichosha, ila nimefika. Ma Dativa, mkewe, ananipikia uji kila baada ya muda kama mzazi aliyetoka kujifungua.

Nimemwambia. Nilimkuta amekaa barazani anachambua maharage. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakanipotea. Nikasema tu kwamba ile miche niliyompa niliitoa kwenye kibanja kilichokuwa kimeshaugua, na nilijua. Hakuacha kuchambua. Kisha akasema, "Niliuona ule mbuni, Rwekaza. Ulidhani nilikwenda kule mwisho kujisaidia tu?"

Nikamuuliza kwa nini basi aliichukua. Akasema, "Ulikuwa umeshanipa. Cha mnywani nakirudishaje?"

Miaka minane, mwanangu. Miaka minane nakuja hapa natazama bondeni kwa kuibia, na yeye ananitazama nikitazama. Aliipanda kule chini makusudi, akachimba mfereji kuitenga na mibuni ya babu yake, panga la kule halikuwahi kutumika huku. Watu wako walipokuja na visu aliwaacha wakate juu ya mfereji. Alidhani miaka imepita, pamekuwa salama. Na kusema kungekuwa kuniaibisha mbele ya binti yangu mwenyewe, kwa hiyo akawapa kahawa za kutafuna akanyamaza.

Kwa hiyo nimeandika maneno mawili, umeona.

Sasa usikie vizuri. Tumetembea naye kibanja chote. Juu ya mfereji mibuni mitano imekauka upande mmoja. Mmojawapo una makovu ya visu vya vikonyo. Simamisha mgao. Sijui unafanyaje, lakini simamisha.

Sisi tumeanza kuchoma. Kahigi anakata, mimi nakaa kwenye kigoda naelekeza, kazi ya walimu. Mibuni ya babu yake inaungua vibaya, moshi wake mzito hauinuki, unatambaa kwenye migomba. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Mkanda nimeulegeza matundu mawili tena. Ma Dativa anataka nipelekwe hospitali kesho, nimemwambia tumalize kwanza kuchoma. Kahigi naye anajipapasa tumbo akidhani simwoni. Yeye pia alinyamaza, na nusu yake anayo. Jioni tunakaa barazani tunaangaliana, wala hatuulizani.

Ni mimi baba yako,
Rwekaza


Bakoba
14 Julai 2024

Tata mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ya Kimwani nimeipata juzi. Naomba Mungu hii ikukute uko kitandani hospitalini unagombana na wauguzi. Namba ya Ta Kahigi haipatikani tangu Alhamisi. Mimi sijambo kiafya.

Nimesema ukweli wote kwa Bwana Josia, kwanza kwa mdomo, kisha kwa maandishi, na juzi barua yako hiyo nimemwonyesha. Aliisoma hadi mwisho. Kisha akafungua faili akatoa karatasi mbili: ile ya kukiri nimechanganya bahasha, na ile fomu ya sifuri. Zote sahihi yangu. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Nikuamini ya lini, Georgina?" Akasema mtu aliyebadilisha maneno mara tatu apumzike kidogo. Watatuma mtaalamu akague Kimwani mwezi wa tisa. Nikamwambia mwezi wa tisa atakuta majivu. Akasema basi hakutakuwa na la kukagua.

Mgao haujasimama. Vijiji kumi na nane vimeshapokea miche. Nimezunguka kwa pikipiki siku tatu. Kijiji cha kwanza nilimwambia mama mmoja aing'oe, akaniuliza nina barua ya kituo. Sina. Alinikaribisha chai, na miche akaimwagilia nikiwa nimekaa pale pale.

Kwa hiyo nimerudi kwenye kompyuta, ndicho kitu pekee kinachonisikiliza. Nimegawanya upya. Kutoka kundi la Kimwani nimetoa makundi kumi na nane, kila moja nimelipa jina la kijiji chake na idadi ya miche yake. Halafu nimeutia ugonjwa kwa kiasi kidogo tu, kwenye mbuni mmoja wenye makovu. Mwaka wa kwanza hakuna kitu. Wa pili hakuna kitu. Watu watakuwa wanapogolea na kushukuru. Mwaka wa nne makundi mawili yanafika sifuri, wa tano sita. Nimeendesha mara mia nikitafuta mara moja tu ambayo hata kundi moja linapona. Bado sijaipata.

Tata, nilikuandikia kwa ukali. Nilikupa tarehe kama ninayedai kitu, nikakutoa kwenye njia ya hospitali nikakuweka kwenye njia ya Kimwani. Uliponiambia uongo ulikuwa unaficha aibu yako, na mimi niliposema uongo wa bahasha nilikuwa naficha hiyo hiyo. Na Ta Kahigi vilevile. Tulikuwa watu watatu tunaokulinda, na wewe mmoja wao. Nisamehe. Mimi nilishakusamehe siku nilipoona umeandika "kwa hiyo".

Jumamosi nakuja Kimwani. Nitakuja na gari la kukodi, nitakupeleka mwenyewe, na hilo tumbo litapigwa picha tujue ni kitu gani, kina jina gani na kina dawa gani. Sitaki tena habari ya punje. Programu yangu haina mahali pa kuiandika.

Simu inaita hapa mezani. Ni namba ya Ma Dativa, na Ma Dativa hajawahi kunipigia. Naiacha barua wazi, nitatia jina langu nikishapokea.